Je, Wajua? Jirani wa Kitengela Huuza Kuliko Nyota wa TikTok

Je, wajua kwamba sabuni inayosifiwa na dada wa TikTok anayeishi Kileleshwa, Nairobi, inaweza kukataa kutoa povu ikifika Kitengela? Si uchawi, wala si lazima iwe bandia. Nyumba nyingi za mji huu hutegemea maji ya visima virefu, na mengi ya maji hayo yana chumvi. Sabuni ya kipande ikikutana na madini kama kalisi na magnesi yaliyomo majini hushikana nayo, ikaacha utando mweupe kwenye beseni mahali pa povu. Sabuni ya unga huvumilia zaidi kwa sababu imetengenezwa kwa kemikali nyingine. Basi mtu akileta habari za sabuni mpya au dawa ya nywele katika kundi la WhatsApp la mtaa, kuna swali ambalo halikosi: "Umeijaribu na maji yetu?"

Swali hilo linaeleza ununuzi wa mitandaoni vizuri kuliko ripoti nyingi za kampuni za matangazo. Mwenye wafuasi laki tano anaweza kukufanya ujue kwamba kitu kipo. Anayekufanya utoe pesa ni yule mnayetumia kisima kimoja.

Je, wajua kwamba wataalamu walikwishaliona jambo hili kabla televisheni haijaenea? Mwaka 1945 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipiga kambi katika mji wa Decatur, jimbo la Illinois nchini Marekani, wakahoji wanawake wapatao 800. Waliwauliza ni nani au ni nini kiliwafanya wabadili bidhaa za jikoni, mitindo ya mavazi na nywele, filamu za kutazama, na hata maoni yao kuhusu mambo ya umma. Matokeo yalichapishwa mwaka 1955 katika kitabu cha Elihu Katz na Paul Lazarsfeld. Katika masuala ya ununuzi, neno la mtu wa karibu lilishinda redio, magazeti na hata wauza maduka.

Lakini kilichonifurahisha katika utafiti huo ni kingine. Matajiri hawakuwa vinara wa sokoni. Kuhusu chakula na bidhaa za nyumbani, aliyesikilizwa zaidi alikuwa mama mwenye familia kubwa, kwa kuwa ndiye aliyenunua mara nyingi. Kuhusu mavazi na filamu, msichana ambaye hajaolewa alikuwa na sauti kuliko mama huyo. Sidhani Kitengela imebadilisha chochote hapo. Mama wa watoto wanne akisema nepi fulani inavuja, basi inavuja, na hakuna bango la barabara ya Namanga litakalomtoa mtu katika msimamo huo.

Mbona Kitengela hasa? Kwa sababu ni mji wa wahamiaji. Uko kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, na wazee bado wanaukumbuka kwa jina la Noonkopir. Ardhi ya Wamasai ya Kitengela ilikuwa ranchi ya kikundi, ikagawanywa kwa wanachama mwaka 1988, na tangu hapo ploti zimeuzwa na kuuzwa tena. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 Kitengela, katika kaunti ya Kajiado yenye watu 1,117,840. Wengi wao walikuja kutoka kwingine wakiwa na funguo za nyumba na pengine gari la kuhamia, bila shangazi wa kuwaonyesha fundi mwaminifu, kliniki nzuri au bucha asiyechezea mizani. Kazi hiyo ya shangazi imechukuliwa na simu. Mazungumzo huwa hivi:

"Hamjambo majirani. Nani ana namba ya fundi wa friji asiye na maneno mengi?"

"Muulize mama wa nyumba namba 14, alitengenezewa yake."

"Kweli. Ilikuwa Februari na hadi leo haijazima. Ila anachelewa kufika, mpigie asubuhi."

Fundi huyo hajalipia tangazo hata la shilingi mia, na kazi ya wiki amekwisha kuipata. Tazama pia kile kipande cha mwisho, "ila anachelewa kufika." Ndicho kilichofanya sifa zote ziaminike. Tutakirudia.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 2022 kundi la WhatsApp halikuweza kupita watu 256? Mwaka huo kikomo kilipandishwa hadi 512, kisha 1,024. Kabla ya hapo mitaa mikubwa ililazimika kufungua "Kundi la 2", na mwenye kuuza mandazi akajikuta anatangaza mara mbili. Wasimamizi wengi sasa wana sheria zao: matangazo ni siku moja ya wiki tu, siku ya soko, na anayekiuka huondolewa bila kesi. Siku hiyo ikifika, simu hailali tangu alfajiri: mayai ya kienyeji, mapazia, maziwa ya Isinya, keki, viatu vya watoto, gesi ya kupikia.

Anayeogopa kufukuzwa hutumia status. Ilianzishwa mwaka 2017 na picha yake hudumu saa 24 pekee. Kikwazo hicho kimegeuka silaha ya muuzaji. Kitu kitakachopotea kesho humfanya mtu aamue leo, na "zimebaki mbili" ikiandikwa juu ya picha ya sufuria, mkono huenda kwenye M-Pesa kabla kichwa hakijauliza kama nyumbani kuna nyingine tatu.

Na hii ya kuficha bei na kuandika "bei inbox" je? Wateja wengi huichukia, na mimi ni mmoja wao, lakini ina hesabu yake. Kwanza, kila anayeandika "bei?" chini ya picha huuambia mtandao kwamba picha hiyo inavutia, nao huisambaza zaidi. Pili, mpinzani wa duka la pili haoni bei ya kuipunguza. Tatu, muuzaji akishakuvuta faraghani anaweza kupima mfuko wako: picha ya wasifu, namna ya kuandika, mtaa unaotaka uletewe. Ni kupatana bei kama katika soko la Gikomba, tofauti ni kwamba Gikomba unamwona jirani yako akinunua na unasikia amepewa kwa ngapi. Faraghani uko peke yako. Ndiyo maana muuzaji anayeandika bei waziwazi hupata wateja wachache wa kuuliza na wengi wa kununua. Hayo ni maoni yangu, wala sitayatolea takwimu.

Je, wajua kwamba kuuziana kwa urafiki kulimpeleka mwanamke kwenye jalada la jarida la biashara miaka 70 iliyopita? Brownie Wise wa Marekani aligundua kwamba vyombo vya plastiki vya Tupperware havikuuzika madukani kwa sababu watu hawakujua kufunga vifuniko vyake. Akavipeleka sebuleni: mwenye nyumba anaalika rafiki zake, wanakunywa chai, wanafunga na kufungua vifuniko, wananunua. Kampuni iliviondoa madukani mwaka 1951 ikabaki na karamu za nyumbani peke yake, na mwaka 1954 Wise akawa mwanamke wa kwanza kutokea kwenye jalada la Business Week. Siri ya karamu zile ilikuwa haya ya mtu: si rahisi kunywa chai ya rafiki yako na kutoka mikono mitupu. Mwanachama yeyote wa chama anaielewa. Mwenzako akileta vikombe vya kuuza siku ya mkutano, tena siku ambayo zamu ya kupokea pesa ni yako, utavikataaje?

Tugeukie pesa zenyewe, maana ushawishi usio na njia ya kulipa ni porojo. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Lipa na M-Pesa ilipoingia mwaka 2013, hata kibanda cha nguo kando ya stendi ya Kitengela kilipata namba ya till. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo hukumalizia malipo kwa mkopo pale salio linapopungua, kisha hukutoza hadi ulipe. Julai 2020 Safaricom ikaanza Lipa Mdogo Mdogo: simu janja kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Ziweke pamoja. Mwanamke aliyekuwa akiona kiatu dirishani, akahesabu mshahara, akasubiri mwisho wa mwezi, sasa anakiona saa nne usiku akiwa kitandani, na ile hatua ya kusubiri imeondolewa. Mimi huona hilo ndilo lililobadilisha ununuzi kuliko picha zote za Instagram. Picha nzuri zilikuwapo tangu zamani kwenye magazeti. Kilichokosekana ni kitufe cha kulipa bila pesa.

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa TikTok? Ripoti ya habari za kidijitali ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa asilimia 54 ya waliohojiwa nchini walitumia mtandao huo, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine zote zilizochunguzwa. Wengi wetu tuliuona ukifanya kazi mwaka 2020, corona ilipotufungia ndani, pale video ya Azziad Nasenya akicheza "Utawezana" wa Femi One na Mejja ilipomtoa kwenye usichana wa kawaida ikamfikisha kwenye mikataba ya matangazo.

Mvuto wa nyota wa namna hiyo ulikwishaelezwa mwaka 1956. Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni wanaojihisi marafiki wa mtangazaji ambaye hajui hata kama wapo. Yeye huangalia kamera, huongea kwa upole, hukwambia ameamkaje, nawe unaanza kumjali. Sasa ongeza uwezo wa kumwandikia maoni naye akakujibu kwa moyo mwekundu. Haishangazi kwamba msichana wa EPZ anaweza kumwita nyota huyo "dada yangu" na kumaanisha hivyo.

Na tukitaja EPZ: eneo la viwanda vya kuuza nje lililo Athi River, mwendo mfupi tu kutoka Kitengela, lilitokana na sheria ya mwaka 1990, na wengi wa wanaoshona humo ni wanawake. Huyo anayeshona suruali mchana kutwa kwa ajili ya soko la Marekani hurudi nyumbani jioni, akafungua TikTok, akamtazama muuzaji akifungua robota la mitumba mubashara na kunyanyua kipande baada ya kipande hadi anapopata cha daraja la kwanza, kile wanachokiita "kamera". Inawezekana kabisa suruali hiyo ilishonwa hapo hapo Athi River, ikavaliwa Ohio, ikarudi. Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa hofu ya corona, ikaruhusu tena Agosti. Wakati huo ndipo wauzaji wengi walipojifunza kuuza kwa simu kile kidogo walichobaki nacho.

Usidhani hata hivyo kwamba kumsikiliza mwanamke mnunuzi ni jambo la enzi ya intaneti. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alikuwa akielekea nchi ya Wamasai na msafara wake kutoka Mombasa. Alipofika Taveta ilimbidi asimame: shanga zake zilikuwa zimetungwa vibaya. Wamasai walitaka uzi wa urefu wao waliouzoea, na uzi wa urefu mwingine haukuwa na thamani kwao. Wapagazi wakakaa chini wakatunga upya maelfu kwa maelfu ya nyuzi. Wafanyabiashara wa pwani kama Jumbe Kimameta, aliyesafiri na Thomson, walikuwa wakijua habari hizi kwa kuulizana njiani: rangi gani inatakiwa msimu huu, waya wa senenge wa unene gani unaofaa kuzungushwa mikononi na miguuni mwa wanawake. Bidhaa ilitoka viwandani Ulaya, lakini aliyeamua inunuliwe au irudi alikuwa mama ndani ya boma.

Leo shanga ndogo za kioo zinazotungwa Kajiado bado nyingi hutoka Ulaya, hasa Jamhuri ya Cheki, na nyingine Uchina. Kilichogeuka ni mwendo wa agizo. Bibi harusi wa Nairobi anaona mkufu mpana kwenye Instagram, anapiga picha ya skrini, anamtumia mama wa Kajiado anayetunga, na mama anamjibu kwa ujumbe wa sauti: "Hiyo nyeupe itakuwa chafu haraka, tuweke bluu." Hapo ushawishi umepanda kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi, tena bila wafuasi wowote.

Je, wajua kwamba ploti ya "50 kwa 100" haifiki moja ya nane ya ekari? Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445. Tangazo likisema "1/8" na ramani ikasema 50 kwa 100, umepungukiwa na futi za mraba 445, nafasi ya kutosha chumba kizuri na veranda. Naliweka hili hapa kwa sababu ardhi ndiyo bidhaa kubwa kuliko zote inayouzwa kwa kina mama wa vyama kupitia Facebook katika kaunti hii, na ndiyo inayopambwa zaidi. Picha hupigwa kutoka angani, jua likiwa la jioni, twiga akiwa kwa mbali. "Dakika tano kutoka lami," bila kusema ni dakika za nini. Picha za Januari hazionyeshi udongo mweusi wa Kitengela unavyokuwa Aprili, pale gumboots zinapobaki chini na mguu ukatoka peke yake.

Kwenye ardhi, hata jirani hatoshi. Wanachama 20 wanaweza kushawishiana kwa nia njema kabisa wakanunua ploti moja iliyokwisha kuuzwa mara mbili, kila mmoja akiamini mwenzake amechunguza. Upekuzi rasmi wa hati katika masjala ya ardhi hauna urafiki na mtu. Na kama ni shamba la kilimo, sheria ya 1967 inataka idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, iombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini hiyo mauzo ni batili, hata kama mmekwisha kupiga picha ya pamoja mbele ya nguzo.

Sasa ile "ila anachelewa kufika." Wanaouza wameielewa nguvu ya jirani, nao wameanza kumwigiza. Krimu ya kung'arisha ngozi haitangazwi tena na mrembo wa bango, inatangazwa na mtu aliyekaa kwenye kochi la kawaida, kanga begani, akisema "wasichana, nimekuja kuwaambia ukweli." Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zilipigwa marufuku Kenya tangu miaka ya 1990, zebaki hupenya ngozi na inaweza kuharibu figo. Kwenye simu hazikosekani. Mara nyingi kinachomuumbua jirani wa kulipwa ni kwamba hana "ila". Kila kitu kwake ni kizuri, kila mara, na mwishoni kuna namba ya punguzo.

Nchi nyingine zimetunga sheria kuhusu matangazo ya namna hii. Norwe tangu Julai 2022 inataka picha ya tangazo iliyorekebishwa umbo iwekwe alama. Ufaransa ilipitisha sheria ya washawishi Juni 2023. Marekani ilitangaza Agosti 2024 kanuni ya kuwaadhibu wanaonunua au kuuza sifa za uongo. Kenya, kwa tabia yetu, ilianza na kodi: Mswada wa Fedha wa 2023 ulipendekeza kukata asilimia 15 ya mapato ya watengeneza maudhui, ukaishia asilimia 5.

Lakini mnunuzi wa Kitengela hayuko mtupu kisheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na habari za kutosha kuzihusu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni kosa kudai bidhaa ina sifa, kibali au viambato isivyokuwa navyo, na inamtaka anayeuza kwa intaneti akupe maelezo kabla hujakubali. Akikataa kurudisha pesa, ipo Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza kazi mwaka 2021: husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili.

Utakachohitaji ni ushahidi, na ushahidi wote uko kwenye simu hiyo hiyo iliyokuuzia. Basi dada, kabla ya kulipa soma jina linalotokea kwenye M-Pesa, pendelea till kuliko namba ya mtu binafsi, na usifute picha ya tangazo, mazungumzo wala ujumbe wa malipo hadi mzigo uwe mkononi na umeujaribu. Kwa maji yetu.